Nukta Tatu

Nilikuwa naamka mara nne, mara tano,
nikipapasa ukuta wa korido nisimwamshe Mwanamkuu,
nasimama chooni kama mtu anayengoja basi lililokwisha kupita.
Tone. Kimya. Tone.
Nje, Winnipeg imeganda; gari limechomekwa kwenye umeme
mfano wa mgonjwa mwenye dripu,
nami najiambia: ni baridi hii, ni chai, ni umri.

Uongo una maneno mengi. Mkojo hauna.

Mwanamkuu ndiye aliyehesabu.
Aliandika kwenye kalenda ya duka la Wafilipino
vijistari vya kalamu ya bluu, usiku kwa usiku,
kama muuza maziwa anavyoandika madeni,
kisha akaiweka kando ya bakuli langu la uji.
"Mficha uchi hazai," akasema.
Nikamjibu, "Tumeshazaa watatu."
Hakucheka.

Walichota damu. Ikarudi namba.
Sikujua namba inaweza kukaa mezani na watu, ikala nao.
Kisha picha ya sumaku, kisha sindano kumi na mbili
mahali ambapo sitapataja, mama yangu bado yu hai.
Daktari Thorvaldson, kijana mwenye nyusi nyeupe,
akachora kitu mfano wa kungumanga.
"Hapa," akasema. "Na hapa."
Mkalimani wa kwenye simu, mwanamke wa Bukavu,
akakwama, akalitafuta neno, akalipata: tezi dume.

Dume!
Miaka sitini na mmoja nimelibeba ndani,
halijanidai hata unyasi,
leo ndio linavunja zizi.

"Katika ukoo wenu, kuna aliyeugua hivi?"
Nikafungua mdomo kusema hapana,
na hapana ikakataa kutoka.
Baba.
Tuliambiwa ni mgongo. Tukamkanda kwa majani ya mbono,
tukamlaza upande wa dirisha,
na kila jioni alituomba tumgeuze,
tumgeuze tena.
Mgongo. Neno lile lilitutosha miaka ishirini na sita.

Siku ishirini za mionzi.
Unakunywa maji bilauri mbili, unabana.
Mimi niliyeshindwa kubana na kushindwa kuachia
naambiwa: bana, mzee, kidogo tu.
Dalisay, fundi wa mashine, alinitia nukta tatu za wino,
nyonga ya kushoto, nyonga ya kulia, chini ya kitovu,
ndogo kuliko chawa,
ili mashine ijue nilipo.
Mimi, ambaye sijachanjwa hata chale!
Inazunguka ikinung'unika, haigusi, haichomi.
Darini wamebandika picha ya mnazi
wa mahali pasipo na jina,
nazi zake zote saizi moja.
Nilizihesabu siku zote ishirini. Kumi na nne.

Na ile sindano ya kila miezi mitatu
inayozima kiwanda:
nikaanza kulowa jasho
katika nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Nafungua dirisha. Mwanamkuu analifunga.
Nafungua.
"Karibu," akasema gizani. "Mimi nilipita huko peke yangu,
nawe ukiniambia nipunguze pilipili."
Tukacheka mpaka nikakimbilia chooni.

Namba imeshuka. Haijaondoka, imeshuka,
kama mgeni aliyehama sebuleni akaenda kukaa barazani.
Namwona kila nikifungua mlango.

Jumapili nilimpigia mdogo wangu Mbaruku, Pangani.
Tuliongea mvua, bei ya saruji, mahari ya binti yake.
Katikati akasema, "Ngoja kidogo," akaiweka simu.
Nikasikia kandambili, mlango wa bati,
kisha kimya,
kirefu,
ninachokifahamu.
Aliporudi alianza tena habari za saruji.
"Mbaruku," nikamkata,
"usiku unaamka mara ngapi?"